Maili Sita za Mjomba Lumir

Kazi yangu ni kusoma uongo wa madereva. Kila asubuhi nafungua kompyuta, namimina kahawa ambayo Verdeen Kubik, bosi wetu, huichemsha mpaka inafanana na lami, na kuanza kupitia kumbukumbu za malori yake tisa: nani aliendesha saa ngapi, nani alilala saa ngapi, na nani anadai alikuwa amelala fofofo wakati gari lake linapita mizani ya Grand Island. Hapo Kolin, Nebraska, hii ni kazi ya heshima. Stashahada yangu ya uhasibu niliiacha katikati, nikarudi nyumbani, na mama akasema angalau kusoma najua. Basi nasoma.

Mashine iliyofungwa kwenye lori inajua hali nne tu za binadamu. Yuko usukanini, au yuko kazini lakini haendeshi, au yuko kwenye kile kitanda cha nyuma ya kiti, au yuko nje ya kazi. Gari likianza kutembea, mashine inaandika yenyewe kwamba uko usukanini, na huwezi kuibembeleza. Ila kuna kitufe kimoja cha matumizi binafsi. Ukishamaliza kazi, bosi hana tena madai nawe, na unataka kwenda kula au kufua nguo, unabonyeza kitufe hicho, unaandika sababu, kisha unaendesha hilo dude lako la magurudumu kumi na nane kama watu wengine wanavyoendesha vigari vyao kwenda dukani. Saa zako za kazi haziguswi, na saa zako za mapumziko zinaendelea kuhesabiwa. Mashine hata inafumba jicho moja: haionyeshi mahali hasa ulipo, inaonyesha eneo pana tu, kwa sababu mambo yako ni yako. Sharti kubwa ni moja. Usitumie kitufe hicho kusogeza mzigo kule unakotakiwa kufika. Mzigo ukisogea kwa faida ya kampuni, hiyo ni kazi, hata kama umevaa ndara.

Kwenye nafasi ya sababu, madereva wetu huandika neno moja. "Chakula." "Nguo." Duane Prochaska huandika "mambo," na nikimpigia kumuuliza mambo gani, anasema mambo.

Halafu kuna Mjomba Lumir.

Lumir Zajicek ni kaka wa mama yangu. Ana miaka sitini na moja, hakuoa, ana mwili wa friji ya milango miwili, na kwa miaka thelathini na moja ya kuendesha hakuwahi kuwa na kosa hata moja kwenye karatasi zake. Hata moja. Ni mtu wa kusimama kwenye alama ya kusimama katikati ya mashamba, pande zote nne hakuna roho, na kusubiri kana kwamba mahindi yanataka kuvuka barabara. Jumapili anacheza karata na mama, anafungwa, anasema asante. Na yeye ndiye dereva pekee ninayemjua ambaye aliona ile nafasi ya sababu akadhani serikali kweli inataka kujua.

"Nakwenda kula," aliandika mwezi wa tatu. "Mgahawa wa hapa kituoni umebadilisha mpishi na supu ina ladha ya sabuni. Kuna mwingine maili mbili kaskazini. Nimeuliza watu wawili."

Siku nyingine: "Nakwenda kufua. Shuka, soksi, na shati ambalo sitalieleza."

Nilikuwa nasoma hizo kwanza, kabla ya za wengine, kama watu wanavyofungua gazeti kwenye ukurasa wa vichekesho.

Mwezi wa nne alikwenda kupimwa afya, kama ilivyo lazima kwa dereva. Daktari alimfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapampu, akaangalia namba, akapampu tena. Kadi ya afya ya dereva mzima ni ya miaka miwili. Mjomba alipewa ya miezi mitatu. Akaambiwa ameze vidonge, chumvi aisahau, na mwili autembeze. Akasema magoti yake hayatembei tena, yanalalamika tu.

"Basi kaogelee," daktari akamwambia.

"Sijui kuogelea."

"Nani kakuambia ujue? Ingia majini tu."

Wakati huo Mjomba alikuwa anabeba mahindi ya bisi kutoka magharibi ya jimbo kwenda ghala moja la Omaha, mara mbili kwa wiki. Kila Jumanne na Alhamisi alimaliza zamu saa saba mchana kwenye kituo cha malori cha barabara ya 80, akapumzika hapo na mzigo wake, na kuondoka saa nane usiku. Maili sita kutoka kituo hicho kuna kimji kinaitwa Minter: maghala ya nafaka ya ushirika, kanisa, baa, na bwawa la kuogelea la mji ambalo hufunguliwa majira ya joto tu. Saa kumi na moja jioni bwawa ni la watu wazima. Watu wazima wenyewe ni akina mama saba, mdogo wao ana miaka sitini na nane, wakiongozwa na LaVonne Rystrom, aliyekuwa posta miaka arobaini na bado anaongea na watu kana kwamba wamesahau kubandika stempu.

Sababu ya kwanza iliingia mwanzoni mwa mwezi wa sita: "Nakwenda bwawa la Minter, maili sita mashariki. Agizo la daktari. Nimenunua kaptura. Sitaki kuongea kuhusu kaptura."

Nilimpigia hapohapo.

"Mjomba, kaptura ni ya rangi gani?"

"Wewe Profesa, huna kazi?"

"Hii ndiyo kazi yangu. Lazima nijue kama inaonekana kutoka angani."

"Ina mananasi," akasema, akakata simu.

Profesa ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu niache chuo, na ubaya wake anaitamka kwa upendo kabisa.

Jioni hiyo aliniletea sababu ya pili, ya kurudi. "Nimetoka bwawani narudi kituoni. Nimesimama majini hadi kifuani kwa saa nzima. Mama mmoja amenifundisha kupuliza mapovu." Nikaona ni jambo jema, nikafunga kompyuta. Lakini baada ya wiki mbili nilianza kujiuliza. Minter iko mashariki. Omaha iko mashariki. Uwanja wa ushirika, pale alipokuwa ameomba kuegesha wakati wa kuogelea, ungemtosha kulala, una kivuli na hauna kelele. Kwa nini kila mara anarudi nyuma?

"Kwa sababu mzigo wangu unakwenda mashariki," aliniambia. "Nikilala Minter nikaondokea hapo, nitakuwa nimesogeza mzigo maili sita kwa kitufe cha binafsi."

"Mjomba, ni maili sita! Omaha ni zaidi ya mia moja na hamsini!"

"Ni sita."

"Nani atakuja kuzihesabu?"

"Mimi nimeshazihesabu."

Basi akawa anakwenda sita na kurudi sita, ili asije akamwibia mtu sita. Na haikutosha kurudi kituoni, alirudi kwenye nafasi ileile ya maegesho. Siku moja niliona: "Nimerudi. Nafasi yangu imechukuliwa na gari la kuku. Nimeegesha nyingine. Tofauti ni hatua kumi na moja kuelekea magharibi, kwa hiyo sijapata faida." Nilicheka mpaka Verdeen akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Kuna moja tu iliyonitia wasiwasi, ya mwezi wa saba. "Narudi kutoka bwawani. Nimepita pampu kununua dizeli. Najua kununua dizeli ni kazi, si binafsi. Nilikuwa nafikiria mguu wangu wa kushoto. Nimekosa." Nilitamani kuifuta. Lakini maneno ya dereva hayafutwi na karani, kwa hiyo niliiacha hapo ilipo, inang'aa kama jino la dhahabu.

Mwisho wa mwezi huohuo alipimwa tena. Presha ilikuwa imeshuka vizuri na daktari akampa kadi ya mwaka mzima. Nilimpigia kumpongeza.

"Sasa unaweza kupumzika na mananasi yako," nikamwambia.

"Kupumzika vipi?"

"Si umeshapona? Bwawa la nini tena?"

"LaVonne anasema mguu wa kushoto umeanza kuelewa," akasema. "Nafika yadi kumi na tano. Bwawa zima ni ishirini na tano. Pale kwenye kamba ya kutenga kina kirefu sakafu inashuka, na nikijua haipo, miguu inaanza kuitafuta. Nataka nivuke hiyo kamba nifike ukuta wa pili. Mara moja tu, bila kushika kitu. Bwawa wanalifunga ile wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa mwezi wa tisa."

Sikuwahi kumsikia Mjomba Lumir akisema "nataka" kuhusu kitu kisichokuwa chakula. Nikasema, "Haya, Mjomba."

Halafu Duane akaharibu.

Duane alikuwa ameishiwa saa za kazi akiwa na tela limejaa chakula cha nguruwe. Badala ya kulala, alibonyeza kitufe cha binafsi, akaandika "kumtembelea shangazi," na kuendesha maili mia moja na arobaini, moja kwa moja kuelekea kule mzigo ulikotakiwa. Askari wa mizani akamsimamisha, akasoma sababu, akazunguka nyuma kuangalia tela, akarudi dirishani.

"Huyo shangazi yako," akamwuliza, "anakula tani ishirini?"

Duane alizuiwa pembeni ya barabara kwa saa kumi, karatasi zikaandikwa, na kampuni ikapewa taarifa kwamba mkaguzi atakuja kuangalia kumbukumbu zetu zote. Verdeen alipasuka. Huyu ni mjane wa miaka sitini na sita aliyewahi kuendesha lori mwenyewe akiwa na mimba ya miezi minane. Hafoki kwa sauti. Anatafuna mbegu za alizeti kwa kasi, na ukisikia maganda yanadondoka kwenye kikombe kama mvua ya mawe, ujue mtu atalia. Siku hiyo hiyo alibandika tangazo: kuanzia leo hakuna matumizi binafsi ukiwa na mzigo. Ukitaka kwenda kwenye mambo yako, acha tela.

Lakini tela la Mjomba lilikuwa daima limejaa, na bima yetu inakataza kuacha tela lenye mzigo likiwa peke yake kwenye kituo. Kwa maneno mengine, bwawa limefungwa kwa mtu mmoja tu, wiki tatu kabla ya wengine.

Nilimpigia nikamsomea tangazo.

"Sawa," akasema.

"Sawa tu?"

"Ndiye bosi."

"Waambie hao wachumba wako saba waje kukuchukua."

"LaVonne haoni vizuri siku hizi, haendeshi. Wengine wanakuja bwawani kwa vile vigari vya gofu, na haviruhusiwi barabara kuu. LaVonne alisema yuko tayari kuja na cha mwenzake Fern, ataendesha kwenye nyasi. Nimemkataza."

"Baiskeli?"

"Profesa, umeniona?"

Akakaa kwenye lori lake. Sheria haimlazimu mtu aliye nje ya kazi aandike chochote, lakini Mjomba alikuwa ameshazoea, akaandika. "Nje ya kazi. Niko garini. Saa kumi na moja jioni. Wenzangu wako majini." Alhamisi: "Nje ya kazi. Nimefanya zoezi la mguu wa kushoto kitandani. Si sawa." Jumanne iliyofuata: "Nje ya kazi. Joto nyuzi tisini na nane za Fahrenheit. Bwawa liko maili sita."

Hilo la mwisho lilinishinda. Nilichapa sababu zake zote tangu mwezi wa sita, kurasa kumi na nne, nikaingia kwa Verdeen bila kubisha hodi, nikaziweka juu ya meza.

"Nini hiki?"

"Ni Mjomba Lumir. Soma."

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kwenye gari la kuku aliacha kutafuna. Lakini alipofika mwisho alizisukuma kurasa kando.

"Nampenda Lumir kuliko ninavyowapenda wanangu wawili kati ya watatu," akasema. "Lakini mkaguzi anakuja Jumanne ijayo. Unataka nimwonyeshe kwamba dereva wangu mmoja amevutwa sikio kwa kitufe hiki, na mwingine nimemwacha anakibonyeza mara nne kwa wiki akielekea mashariki na mzigo?"

"Mjomba si Duane."

"Karatasi haijui hivyo, binti. Karatasi inaona mashariki."

Nilitoka na kurasa zangu. Niliubamiza mlango, halafu nikaurudia kuufunga vizuri, maana bawaba zake ni mbovu na mwenye kuzitengeneza ni mimi.

Jumanne mkaguzi akaja. Aliitwa Ostdiek, mtu mwembamba mwenye tai fupi na mkate wa nyama uliofungwa kwenye karatasi, ambao aliuweka mezani mbele yake na kutoufungua. Tulimpa ofisi ya nyuma. Verdeen akakaa pembeni na kikombe chake cha maganda, mimi nikawa mtu wa kuleta mafaili. Alimaliza ya Duane kwa dakika ishirini, akikoroma kwa pua. Kisha akaomba orodha ya madereva kwa wingi wa matumizi binafsi, na nani yuko juu kabisa? Zajicek, safari thelathini na nane, zote na mzigo.

Nilimwona Verdeen akitafuna polepole kabisa, na hilo sikuwahi kuliona.

Ostdiek alianza kusoma. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"'Mama mmoja amenifundisha kupuliza mapovu,'" akasoma kwa sauti.

"Ni kweli," nikasema, kana kwamba nilikuwepo.

"Hatua kumi na moja kuelekea magharibi." Akaninyooshea kalamu. "Alizipima?"

"Ukimjua huulizi."

Akaendelea. Alipofika kwenye dizeli aliufungua mkate wake, akaung'ata, akatafuna akiangalia ukuta. "Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii," akasema. "Nimesoma shangazi, nimesoma mazishi, nimesoma mtu aliyezika bibi yake mara tatu mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kuniungamia dizeli. Yuko wapi huyu mtu?"

Ilikuwa saa tisa mchana. "Kituoni," nikasema. "Anapumzika."

"Mpigie."

Nilipiga nikaweka sauti ya wazi.

"Haya, Profesa," sauti ya Mjomba ikasema, "kaptura bado ni ileile."

"Mjomba, uko na mkaguzi na bosi."

Tukasikia kitu kikidondoka, kisha mtu akijiweka sawa kitini.

"Bwana Zajicek," Ostdiek akasema, "kwa nini unarudi kituoni baada ya kuogelea?"

"Kwa sababu ndipo nilipoanzia, bwana."

"Usiporudi je?"

"Mzigo utakuwa umesogea maili sita nami sikuwa kazini. Sasa hizo sita zitakuwa za nani?"

Ostdiek alimwangalia Verdeen, akaniangalia mimi, kana kwamba mmoja wetu amemfundisha yule mtu majibu. "Na bwawa," akauliza, "umefika wapi?"

"Yadi kumi na nane. Nikiwa chali. Kisha nikasimamishwa."

"Nani kakusimamisha?"

Mjomba Lumir, ambaye angeweza kusema, hakusema.

"Mimi," Verdeen akasema.

"Sheria inamruhusu," Ostdiek akamwambia. "Anakwenda kwenye mambo yake na mzigo haufaidiki. Bosi unaweza kuwa mkali kuliko sheria, hilo ni lako, siliingilii. Dizeli nitaiandika, kwa sababu ameiandika yeye." Akaung'ata mkate mara ya pili. "Huyu mwenye shangazi ndiye wa kuzungumza naye."

Verdeen alitema maganda yote kwa mpigo. "Lumir, unanisikia? Maili kumi, mwisho. Na mzigo au bila mzigo. Unaandika sababu kama unavyoandika."

"Ndiyo, bosi."

"Na Duane hata akitaka kwenda chooni aniombe kwa barua."

"Leo ni Jumanne," nikachomekea.

"Najua leo ni Jumanne, mimi si mgeni hapa duniani. Lumir, bado una masaa mawili. Hiyo kaptura iko safi?"

Jioni hiyo aliandika: "Nimerudi. Yadi ishirini. Mguu wa kushoto haukuwa umesahau. Nimewaeleza akina mama kuhusu bosi na wamesema wanamsamehe." Nilimwonyesha Verdeen. Akasema hakumwomba mtu msamaha, lakini aliichukua ile karatasi na kuiweka kwenye droo yake.

Ikabaki Alhamisi moja tu. Jumatatu bwawa linafungwa, na Jumanne maji yanatolewa.

Alhamisi saa kumi na robo niliona kwenye kompyuta: "Nakwenda bwawani. Ni siku ya mwisho." Maneno sita tu kutoka kwa Mjomba Lumir ni kama mtu mwingine apige kelele. Kazi yangu huisha saa kumi na moja. Nilikaa. Nilipanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa. Verdeen naye, ambaye huondoka kabla yangu kwenda kumwagilia nyanya zake, alikuwa bado mezani kwake, anasoma orodha ya bei za matairi kwa makini ya ajabu, ukurasa mmoja nusu saa. Hatukuulizana.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane, mstari wa Mjomba ukawa mwekundu.

Niliinuka kiti kikaanguka. Mashine ilikuwa inasema LUMIR ZAJICEK YUKO USUKANINI. Siku yake ilianza saa nane usiku. Sheria inampa saa kumi na nne tangu aanze, baada ya hapo haruhusiwi kuendesha kazini mpaka apumzike saa kumi mfululizo. Saa hizo zilishakwisha tangu saa kumi jioni. Kwa maandishi ya mashine, dereva asiye na doa kwa miaka thelathini na moja alikuwa anaendesha mzigo wa bisi nje ya saa zake, jua likimulika, mbele ya serikali nzima.

"Amepatwa na nini?" Verdeen alikuwa tayari mlangoni.

Sikumpigia, kwa sababu akiwa anaendesha hapokei, hata Papa wa Roma akipiga. Tulisimama wawili tunaangalia ule mstari ukirefuka kwa dakika kumi na mbili. Uliposimama tu nikapiga, nikaweka sauti ya wazi.

"Profesa!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mwenye miaka kumi na tisa hivi. "Nimefika!"

"Umefika wapi?"

"Ukutani! Ng'ambo! Nilikuwa chali, LaVonne ananiambia angalia juu, usiangalie maji, na juu ilikuwa inapita ile ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashamba. Nikaifuata kwa macho. Naifuata, naifuata, mara mtu akanipiga kichwani. Nikageuka nimgombeze, kumbe ni ukuta. Kamba nilishaipita sikuiona. Fern alipiga makofi mpaka kofia yake ikazama."

Nikajikuta nafuta macho kwa risiti ya mafuta ya gari. Verdeen aligeukia dirishani akaangalia matairi, kwa kuwa matairi ndiyo yaliyokuwepo.

"Mjomba," nikasema baada ya muda, "wakati wa kurudi ulibonyeza?"

"Nini?"

"Kitufe."

Ukiizima injini, ile hali ya binafsi inajifuta, na ukiwasha lazima ubonyeze upya. Mara zote za nyuma, kila alipotoka bwawani, alibonyeza. Nilimsikia akivuta pumzi, akiiachia, na kiti kikilia chini yake.

"Eh," akasema Mjomba Lumir. "Eh! Sikubonyeza."

"Si neno. Andika maelezo kwamba ulisahau, ni safari yako binafsi, mimi ni shahidi. Sheria inaruhusu kueleza."

"Nitaeleza. Lakini kuondoka saa nane usiku siondoki. Mashine imeona nikiendesha. Nitahesabu saa zangu kumi upya kuanzia sasa. Nitaondoka saa kumi na nusu alfajiri."

"Mjomba! Omaha wanakungoja saa kumi na moja alfajiri!"

"Watangoja."

Verdeen akanipokonya simu. "Lumir."

"Bosi."

"Miaka thelathini na moja huna nyekundu hata moja. Leo umeipata kwa kwenda kuogelea."

"Kwa kurudi, bosi. Kwenda nilibonyeza."

Verdeen alifumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa sekunde mbili nzima sikujua ni hasira au nini, mpaka sauti ikamtoka, kicheko cha puani kama trekta linalokataa kuwaka. "Lala," akamwambia. "Lala huko, na kaptura uianike." Akakata.

Kisha akatafuta namba ya ghala la Omaha na kupiga. Nilidhani atasema pancha. Hata mimi ningesema pancha, pancha haina mama wala baba. Akapokea kijana mmoja wa zamu ya jioni anayepanga nani ashushe mzigo saa ngapi.

"Mzigo wetu wa bisi utachelewa," Verdeen akasema. "Tupe saa tano. Hapana, gari ni zima. Dereva pia mzima. Alikuwa bwawani, ameogelea yadi ishirini na tano kwa mara ya kwanza maishani, akasahau kubonyeza kitufe. Miaka sitini na moja." Akasikiliza. "Ndiyo, nakuambia kweli. Kwa mgongo, mpaka kichwa kikagonga ukuta." Akasikiliza tena, akafunika simu kwa kiganja na kunigeukia.

"Ametupa saa tano," akasema. "Na anauliza kama kichwa bado kinamuuma."